Lugha Kubwa Isilipiwe kwa Lugha ya Mama

Muhula uliopita wanafunzi wachache wa Kidato cha Tatu waliniuliza kwa nini mtu mzima, tena mwalimu, atumie likizo yake na akiba yake kwenda kujifunza Kihispania, lugha ambayo hapa kwetu hana mtu wa kusema naye. Swali lao ni la haki. Naomba nafasi katika jarida letu nilijibu, maana jibu lenyewe lawahusu wao kuliko linavyonihusu mimi, na lawahusu pia wazazi wao na walimu wenzangu.

Nilikwenda katika miji mitatu ya milimani. Wa kwanza ni San Cristóbal de las Casas, katika jimbo la Chiapas, kusini mwa Meksiko. Wa pili ni Quetzaltenango, ambao wenyeji huuita Xela, na wa tatu ni Antigua. Hii miwili iko Guatemala. Kutoka wa kwanza hata wa mwisho mtu husafiri kwa basi, akivuka mpaka, akipanda na kushuka milima mpaka masikio yanaziba. Mabasi mengi ya Guatemala yalikuwa zamani mabasi ya kuchukulia wanafunzi huko Marekani. Yakichoka huuzwa, hupakwa rangi za kila namna, hupewa majina, na utingo huning'inia mlangoni akiita abiria kwa sauti kubwa. Mtu aliyezoea stendi zetu hatashangaa hata kidogo. Wala hatashangaa baridi, ikiwa ametoka Makete au Njombe, kwa kuwa San Cristóbal na Xela iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi watu hutembea wamejifunika mablanketi. Mashambani ni mahindi na maharage, na kwenye miteremko ya chini ni kahawa.

Vitabu vya wasafiri huisifu miji hii kwa neno moja, kwamba ni miji "ya kikoloni." Huko neno hilo limekuwa la sifa, kama vile sisi tusemavyo mji wa kale wenye majengo mazuri. Kwetu neno ukoloni halijapata kuwa sifa, na naona sisi ndio tulio karibu zaidi na ukweli. Ni kweli kwamba miji yenyewe yapendeza. Katikati pana uwanja. Upande mmoja wa uwanja kanisa kubwa, upande mwingine ofisi za serikali. Kisha njia zimenyooka zikakatana kama mistari ya daftari la hesabu, na nyumba zina kuta nene na vigae vyekundu. Lakini mtu akitazama ukuta wa unene ule hana budi kuuliza ni nani aliyebeba mawe. San Cristóbal ulianzishwa na Wahispania mwaka 1528. Antigua, ambao zamani hizo uliitwa Santiago, ulianza kujengwa mwaka 1543, baada ya mji uliotangulia kufunikwa na gharika ya tope iliyoshuka kutoka mlima Agua mwaka 1541. Waliobeba mawe walikuwa Wamaya, ndio wenye nchi, na pamoja nao watumwa walioletwa kutoka Afrika. Ndugu zetu hao hawatajwi sana katika vitabu vya wasafiri.

Hata huyo Las Casas ambaye San Cristóbal umepewa jina lake apaswa kutazamwa pande zote mbili. Alikuwa padre wa Kihispania aliyefanywa askofu wa Chiapas katika miaka ya 1540, akawapigania wenyeji wa Amerika mbele ya mfalme mpaka Wahispania wenzake wakamchukia. Lakini hapo kwanza yeye mwenyewe alishauri waletwe watumwa Waafrika ili wenyeji wapumzike. Baadaye aliandika kwamba alijuta.

Mwaka 1773 tetemeko la ardhi liliuvunja Antigua vibaya, na mwaka 1776 makao makuu ya serikali yakahamishwa. Ndiyo sababu mji umebaki kama ulivyokuwa, na yako makanisa yasiyo na paa hata leo. Katika mji huo na katika Xela zimeota shule nyingi za kuwafundisha wageni Kihispania. Darasa lao ni la ajabu kwetu: mwalimu mmoja, mwanafunzi mmoja, meza moja, mara nyingi uani au barazani, kwa saa nne au tano kila asubuhi. Hapana mahali pa kujificha. Katika darasa la watu 60 mwanafunzi aweza kukaa mwaka mzima asifungue kinywa, na mwalimu asijue. Kule kila swali ni lako, na mwalimu amenyamaza akingoja ulijibu. Mchana hukuchukua sokoni ukanunue nyanya kwa ulimi wako mwenyewe. Jioni wala chakula pamoja na jamaa uliopangiwa kukaa kwao, ambako watoto watakucheka kwanza kisha watakusahihisha. Kwa wiki sita za kazi ya namna hiyo niliweza kufuata habari za redioni, jambo ambalo vitabu viwili nilivyosoma nyumbani havikunipa.

Na hapa nina habari njema kwa vijana. Msemaji wa Kiswahili akianza Kihispania huwa amekwisha kupita hatua ambazo Mwingereza hutokwa jasho kuzipita. Vokali za Kihispania ni tano, a, e, i, o, u, nazo husomwa kama zetu bila kugeuka. Neno likiishia kwa vokali, mkazo kwa kawaida huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama katika Kiswahili. Pasipokuwa hivyo wameweka alama juu ya herufi ili msomaji asipotee. Herufi yao ñ ni ny yetu tu. Kitenzi hubeba mtendaji ndani yake: sisi twasema nasema, wasema, twasema; wao husema hablo, hablas, hablamos. Sisi tumemtia mtendaji kichwani, wao wamemtia mkiani. Sifa nayo hulifuata jina: kitabu kizuri, vitabu vizuri, libro bueno, libros buenos. Mwanafunzi aliyevumilia ngeli zetu zote hatatishwa na ngeli mbili za Kihispania, ya kiume na ya kike, ingawa atauliza, kama nilivyouliza, kwa nini meza iwe mwanamke.

Kuna jambo jingine lililonifurahisha zaidi. Kiingereza kina neno moja tu la kusema "ni mwalimu" na "yuko sokoni." Kihispania kina maneno mawili, ser na estar, na wanafunzi kutoka Ulaya na Marekani huhangaika nayo kwa miezi. Sisi tangu utoto hatujapata kusema "mama ni sokoni." Matumizi hayalingani yote, lakini mlango umekwisha kufunguliwa.

Tena yako maneno ambayo mtu akiyasikia hudhani amesikia jirani yake. Waislamu walitawala sehemu za Hispania tangu mwaka 711 mpaka 1492, na Kiarabu kikaacha mamia ya maneno huko, kama kilivyoacha kwetu pwani. Sukari kwao ni azúcar, zafarani ni azafrán, zaituni ni aceituna. Neno letu hata, kwa maana ya mpaka, kwao ni hasta. Mtu asiyetajwa jina kwetu ni fulani, kwao ni fulano. Kadhi wetu ni ndugu wa alcalde wao, isipokuwa wa kwao sasa ni meya wa mji. Meza na bendera nazo tulizipata kwa Wareno, ambao lugha yao na Kihispania ni watoto wa mama mmoja, kwa hiyo mesa na bandera hayahitaji kamusi. Lakini mwanafunzi asidanganyike kwamba pesa yetu ni peso ya Meksiko. Hiyo yetu ilitoka upande wa Bara Hindi.

Adabu yao pia haiko mbali na yetu. Guatemala hutumia sana usted, neno la heshima, hata baina ya watu wanaojuana vizuri. Mtu akipita penye watu wanaokula huwatakia mlo mwema hata kama hawajui, na asiyefanya hivyo huonekana hakulelewa. Na mtu akianza kukujibu kwa neno fíjese, yaani "hebu angalia," ujue kwamba jambo uliloliomba halikufanyika na sasa zinakuja sababu.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Katika Xela nilikaa kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza nguo. Siku moja nilimfuata sokoni kumbebea kikapu. Tulipofika kwa wauza mboga, wanawake waliovaa nguo zao za kufumwa kwa mkono, yule mama aliacha Kihispania akaanza kusema Kikiche, lugha ya Wamaya wa sehemu ile. Sauti yake ikabadilika. Akacheka, akatania, akapunguziwa bei. Tulipokuwa tukirudi nilimwuliza kama watoto wake wanaijua lugha ile. Akasema hawaijui. Alipokuwa msichana shuleni alichekwa na kupigwa kwa kusema lugha ya mama yake, akaapa kwamba wanawe hawatachekwa. Basi bibi yao akija kutoka kijijini wajukuu hukaa naye kama wageni, na huyu mama hukaa katikati akiwa mkalimani baina ya mamaye na wanawe.

Wasomaji, tafakarini jambo hilo: mkalimani baina ya bibi na mjukuu, ndani ya nyumba moja.

Wala Kikiche si lugha ya watu wachache. Husemwa na watu karibu milioni moja, nayo ni moja tu katika lugha 22 za Kimaya za Guatemala. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2018, zaidi ya watu 40 katika kila 100 nchini humo walijitaja kuwa wenyeji wa asili. Ina kitabu chake kikubwa, Popol Vuh, chenye simulizi za kuumbwa kwa ulimwengu, ambacho kiliandikwa kwa Kikiche kwa herufi za Kilatini katika karne ya 16. Nakala iliyotufikia ilinakiliwa na padre Francisco Ximénez mwanzoni mwa karne ya 18, alipokuwa paroko wa Chichicastenango. Padre huyo aliandika Kikiche upande mmoja wa ukurasa na Kihispania upande wa pili. Kama angalikaa na Kihispania chake tu, akaiona lugha ya waumini wake kuwa kelele za washamba, leo ulimwengu usingekuwa na nakala ile.

Dharau ya lugha haikai peke yake. San Cristóbal wazee husimulia kwamba hata katikati ya karne ya 20 mwenyeji wa asili akikutana na mtu wa mjini alitakiwa kushuka kutoka njia ya miguu atembee barabarani. Tarehe 1 Januari 1994 watu wa vijijini, wengi wao Wamaya, waliingia mji huo na silaha mkononi, na serikali ya Meksiko ikashtuka kama kwamba haikuwahi kujua kwamba wapo. Guatemala ilikuwa na vita ya wenyewe kwa wenyewe tangu 1960 mpaka 1996. Tume iliyochunguza vita hiyo ilitoa taarifa yake mwaka 1999, ikakadiria kwamba watu zaidi ya 200,000 waliuawa au walipotea. Na katika wale waliotambuliwa, 83 katika kila 100 walikuwa Wamaya. Sisemi kwamba vita ililetwa na lugha. Mambo ya ardhi na siasa yalikuwa makubwa zaidi. Lakini mtu aliyekwisha kufundishwa tangu darasa la kwanza kwamba jirani yake hana lugha, ana kitu kama lugha tu, si vigumu kumfundisha hatua ya pili.

Mtu asinielewe vibaya akadhani nashauri lugha kubwa ziachwe. Rigoberta Menchú, mwanamke wa Kikiche, alijifunza Kihispania, kwa sababu aliona kwamba bila lugha hiyo mateso ya watu wake hayatasikika nje ya milima. Alisikika, na mwaka 1992 akapewa Nishani ya Nobel ya Amani. Hakuiacha lugha yake ili aipate ya pili. Na Antigua iko shule iitwayo Proyecto Lingüístico Francisco Marroquín, ambayo ada za wageni waliokuja kujifunza Kihispania zilisaidia kuwafundisha vijana wa Kimaya elimu ya lugha, nao wakaandika kamusi na sarufi za lugha zao wenyewe. Nilipolisikia jambo hili niliona kwamba hapo ndipo fedha ya mwanafunzi mgeni imefanya kazi ya haki. Sheria nayo ilichelewa: mwaka 1999 wananchi waliulizwa kwa kura juu ya kubadili katiba, pamoja na kuzitambua lugha hizo, wengi wa waliopiga kura wakakataa, mwaka 2003 bunge likapitisha sheria ya lugha za taifa.

Sasa turudi nyumbani. Katika shule nyingi za nchi yetu ipo desturi ya kibao. Mwanafunzi akikamatwa anasema Kiswahili huvikwa kibao shingoni, naye hukaa nacho mpaka amsikie mwenzake akikosea amvike. Vipo vilivyoandikwa maneno ambayo sitayaandika katika jarida linalosomwa na wazazi. Walimu wenzangu wanaokitetea husema kwamba mitihani ni ya Kiingereza, na kwamba bila kulazimishwa watoto hawatakisema. La kwanza ni kweli. La pili nalikataa, maana nimeona kibao kinafundisha nini. Kinafundisha kunyamaza na kinafundisha upelelezi. Mtoto wa Kidato cha Kwanza anayeogopa kibao hasemi Kiingereza. Anakaa kimya uwanjani mpaka kengele ilie. Kule Antigua sikusema Kihispania kwa kuogopa adhabu. Nilisema kwa kuwa mbele yangu alikaa mtu aliyetaka kusikia jibu langu.

Na sisi tunaokipenda Kiswahili tusijione tumetakasika. Nchi yetu ina lugha zaidi ya 120, na mara ngapi tumewasikia wazazi mjini wakimkataza mtoto asiseme Kihehe au Kinyakyusa mbele ya wageni, ati ataonekana mshamba? Kiswahili kimetuunganisha, na sitaki mtu akiguse. Lakini yule mama wa Xela angeingia katika nyumba nyingi za kwetu asijione mgeni, maana angemkuta bibi sebuleni na mkalimani wake.

Kwa hiyo natoa mashauri mawili, yasiyotaka fedha wala ndege. La kwanza, kama shuleni kwetu kiko kibao popote, mlangoni mwa darasa au kwa kiranja, kiondolewe, na mahali pake tujaribu meza ya Antigua. Kila Jumamosi asubuhi, kwa saa moja, kila mwanafunzi wa Kidato cha Tatu achukue mmoja wa Kidato cha Kwanza, wawili tu, waende bustanini, jikoni, karakana au kwenye mabanda ya kuku, waseme Kiingereza juu ya vitu vilivyo mbele ya macho yao. Pasiwe na daftari wala maksi. Mwalimu wa zamu apite akisikiliza, asisahihishe ila ameulizwa. Tujaribu kwa muhula mmoja, kisha Mwalimu Mkuu aamue kama kuna tofauti.

La pili ni la likizo, nalo nawaomba wazazi walisimamie. Kila mwanafunzi akifika nyumbani akae na babu au bibi, au mzee yeyote wa jirani, aandike majina kumi ya miti au ndege kwa lugha ya nyumbani, na kando yake maneno machache ya kueleza mti huo unafaa kwa kazi gani au ndege huyo huonekana wakati gani. Asiyeijua lugha aulize kwa Kiswahili, lakini jina aliandike kama mzee alivyolitamka. Mhariri amekubali kututengea kurasa mbili katika toleo lijalo. Karatasi ziwe na jina la lugha juu, jina la kijiji chini, na zipelekwe kwake kabla ya wiki ya tatu ya muhula.